Endel Tammeorg, Mtu wa Reli, na Jioni ya Rapla

Marehemu Endel Tammeorg alizaliwa tarehe 14 Februari 1934 kijijini Imastu, karibu na mji wa Tapa, Estonia. Baba yake alichukuliwa vitani, hakurudi. Mama yake, Leida, alimlea kwa viazi na ukali. Alisoma shule ya kijiji, kisha chuo cha reli Tallinn, akahitimu mwaka 1953.

Alifanya kazi stesheni ya Tapa hadi alipostaafu, akiamua treni ipi ipite na ipi ingoje. Hakuna treni zilizogongana mikononi mwake. Mwaka 1960 alimwoa Helju, wakajaliwa binti mmoja, Maarika. Helju alifariki mwaka 1984, na nyumba ikabaki na watu wawili wasio na maneno mengi.

Mwaka 1989, Estonia ikiwa bado chini ya Moscow, dunia ilipinduka. Bendera iliyokatazwa ilipepea tena Tallinn, nyimbo zilizofichwa zikaimbwa hadharani, na kwenye televisheni ya Finland watu waliona serikali moja baada ya nyingine ikiyumba. Majira ya kuchipua, Moscow iliposogeza saa mbele, Estonia ilikataa kuifuata. Reli zilibaki na saa za Moscow, zilizotangulia kwa saa nzima, na Endel akabaki na reli.

“Endel, habari za kesho?” jirani yake Vaike alimtania kila asubuhi.

Maarika hakucheka. “Baba, nchi nzima imeamka, wewe bado umeivaa Moscow mkononi!”

“Treni haina siasa, mwanangu. Nikikosea saa, watu wanakufa.”

“Basi kaa na treni zako!” Akahamia Tallinn.

Tarehe 23 Agosti watu walishikana mikono kutoka Tallinn mpaka Vilnius kudai uhuru. Maarika alimpigia simu Vaike: “Mwambie Baba, saa moja jioni, mbele ya kanisa la Rapla, mstari unapopita. Akija, yameisha.”

Endel alivaa suti ya harusi yake, akaenda. Hakumwona binti yake, wala hakuuliza mtu. Hakuwa mtu wa kuuliza. Alisubiri nusu saa, akarudi zake. Maarika naye alimsubiri mpaka giza likaingia. Kila mmoja akaumia kivyake. Maarika aliolewa Uswidi, na kilichobaki ni kadi za Krismasi.

Mnamo Novemba 2011 Mzee Endel alipooza upande mmoja, akalazwa Rakvere. Maarika alikuja.

“Siku ile ya Rapla,” alisema mzee, “mbona ulinifanyia vile?”

“Nilikufanyia nini, Baba?”

“Saa moja nilikuwa pale. Nimesimama kama mlingoti.”

“Saa moja mimi nilikuwa pale! Wewe ndiye hukutokea.”

Kisha Maarika akauliza, “Saa moja ya nani, Baba?”

Mzee alifumba macho. “Ya treni.”

Alikuwa amechoka. Alifariki usingizini tarehe 2 Desemba.

Maarika hajalia. Msimhukumu, hajui kilio kimekwama wapi. Anaona mnavyosalimiana, anaona theluji kwenye makoti yenu, na hakuna kinachomgusa.

Marehemu ameacha binti huyo, mkwe wake Göran, wajukuu Liisi na Joel waliomwona mara mbili tu, na Vaike aliyemletea supu ya kabichi hadi mwisho.

Apumzike Mzee Endel. Alikuja. Binti yake ameomba hilo lisomwe mbele ya watu wote: alikuja.