Mlio wa Kamera Mpya

Siku hiyo benchi la mbele ya studio lilijaa kabla hata kahawa haijachemka, maana kamera ya Jicho, mpiga picha, ilikuwa imefika, ile ya filamu pana, mpya kabisa, bado inanukia kiwanda, na watu walishasema hazitengenezwi tena! Jicho aliitia filamu, moja tu, picha kumi na mbili, ya pili haijulikani itapatikana lini, akaiweka kwenye meza mbele ya benchi, akaingia ndani kubadilisha shati. Ukingoni mwa benchi alibaki mama mmoja kijana na mwanawe mchanga, akisubiri zamu ya picha, kwa sababu juzi simu yake ilitumbukia kwenye beseni la nguo na picha za mtoto zikaenda nayo, zote, tangu siku ya kuzaliwa, na toka hapo anamtazama mwanawe kama kitu kinachoweza kufutika.

— Usiwe na wasiwasi, binti, — alisema kinyozi, aliyeitwa Kipaza kwa sauti yake. — Picha ya filamu haipotei. Hata nyumba iungue, yenyewe inabaki.

— Inabaki wapi, na nyumba imeungua? — Fundi Saa akaichukua kamera, akazungusha kishikio, akabonyeza. Klak! — Sikieni! Chuma hicho, si plastiki.

— Hebu lete, — Kipaza akaipokea. Klak! — Loo! Kama mlango wa gari la waziri.

— Nyie hamjui, — akasema Dereva, mstaafu wa malori. — Filamu pana inapiga mpaka tabia. Ukiwa mchoyo, unatoka mchoyo.

— Basi wewe utajaza picha nzima! — akacheka Fundi Saa.

— Cheka tu. Kiwanda kimeona mbali. Simu zimechoka, mwakani zitakuwa za kuchezea watoto. — Klak! — Watu watapanda ndege kuja kupigwa picha hapa kwa Jicho.

— Na benchi tutawakodisha!

— Mimi meneja wa foleni. — Klak!

Ikawa zamu kwa zamu, zungusha, klak, zungusha, klak. Mama alitaka kusema, akameza, hawa ni wakubwa zake, wanajua mambo, yeye kamera ya hivi hajawahi hata kuigusa. Mtoto akajinyoosha. Hofu ikaishinda aibu.

— Samahani, baba zangu, — akasema kwa mkupuo, — hivyo mnavyobonyeza, si ndiyo picha inapigwa?

Kinyozi akamtazama fundi, fundi akamtazama Dereva, Dereva akatazama ndani ya kikombe chake.

— Tulikuwa tunasikiliza mlio tu, — akanong'ona Kipaza, kwa mara ya kwanza maishani.

Jicho akatoka, shati limenyooka. Akaigeuza kamera, akachungulia kidirisha cha nyuma chenye namba. Akachungulia tena.

— Ya kumi na mbili, — alisema polepole. — Imebaki ya mwisho. Hizo nyingine nitawasafishia, mjionee magoti yenu.

— Nyuma wote! — Dereva akafoka, kana kwamba yeye hakubonyeza. — Mikono mfukoni!

Kipaza akavua aproni yake nyeupe, akaitandaza pembeni mwa mama ili mwanga umrudie mtoto. Mama akamkodolea Jicho macho.

— Usinitazame mimi, — Jicho akamwambia. — Mtazame yeye.

Akamtazama. Mtoto akafumbua macho.

Klak.

Hakuna aliyethubutu kuusifia mlio.