Binti wa Kinyozi Kaachiwa Mashine

Benchi letu linatazamana na duka la Kinyozi. Leo mwenyewe hayumo dukani, yuko hapa nasi, kahawa inampoa mkononi. Kwa mara ya kwanza kamwachia binti yake mashine, na mteja wa kwanza ameshaingia. Pazia la mlango limeshushwa, hatuoni kitu. Tukaona tumliwaze kwa mjadala: kijana afunzwe vipi hadi awe mtu wa maana? Spana, fundi baiskeli, hakungoja kuulizwa.

— Mpe baiskeli isiyo na breki. Atajifunza kufikiri mapema.

— Au kuanguka mapema, nikamwambia.

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu una miteremko, bwana.

Profesa, ambaye hajawahi kufundisha hata kasuku, akatikisa kichwa.

— Tabia huingilia miguuni. Avae kiatu kinachobana, atawaonea huruma wenzake. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha malengelenge? nikauliza.

— Basi alale chumba kimoja na jogoo, Spana akapandisha dau. Mwaka mzima. Akimvumilia huyo, hashindwi na binadamu.

— Nyamazeni, Kinyozi akasema. Anatoka.

Mteja aliingia na nywele, sasa ana upara unaong'aa. Akavuka barabara moja kwa moja hadi kwetu.

— Samahani, wazee. Yule binti ni wa nani?

Spana akainama kukagua tairi. Profesa, aliyeshinda hapa tangu asubuhi, akadai yeye mpita njia tu. Kinyozi akasimama.

— Wangu, ndugu yangu. Kakukosea nini?

— Nilitaka kupunguza tu. Mashine ikamponyoka kisogoni, mahali ambapo nisingepaona maisha. Akaleta kioo mwenyewe: “Mjomba, hapa nimeharibu, nisamehe.” Tukaamua tunyoe zote. Kesho namleta mwanangu.

Kinyozi akaketi, akacheka hadi machozi. Na sisi tukafurahi kama tumeoza mtoto.

— Tumemlea sote huyu, Spana akasema.

— Kwa ushauri wangu, akaongeza mpita njia.

— Haya, mteja akauliza, nani alimfundisha kumwonyesha mtu kisogo chake?

Tukamgeukia Kinyozi. Ananinyoa miaka nenda rudi, na kioo cha mkononi sijakitia machoni. Akainua birika, akalitikisa.

— Kahawa imekwisha, akasema.

Nikapapasa kisogo changu, nikavuka barabara kumfuata binti.