Friji Iliyochomolewa Usiku

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda changu cha kushonea viatu, pale ukuta wa duka la Kinyozi unapotupa kivuli mpaka karibu na adhuhuri. Mguu mmoja ni mfupi, tumeutilia tofali, na anayekaa upande huo anakunywa kahawa kwa adabu apende asipende. Upande huo ni wa Transfoma, mzee aliyestaafu ulinzi kwenye bohari la nyaya za umeme. Jina tulimpa kwa sababu haongei, ananguruma. Katikati hukaa Meya, ambaye hajawahi kugombea hata ukiranja, ila ana msimamo juu ya kila jambo chini ya jua. Shangazi ndiye mwenye kahawa, na ndiye anayetukatisha tukizidi. Siku hiyo Kinyozi hakuwepo. Duka lake lilikuwa limefungwa karibu wiki nzima bila kuaga, tukadhani kasafiri, na kwa kuwa hatukuwa na wa kumsengenya tukaisengenya zahanati.

— Mmesikia? — akaanza Meya. — Manesi wanaopita majumbani wamepelekwa semina ya umeme.

— Umeme wa kushtua moyo? — akauliza Shangazi.

— Wapi! Umeme wa nyumbani. Wao, na wasoma mita, na yule dada wa ofisi ya nyumba za kupanga. Walijazwa ukumbini wakafundishwa birika, pasi, friji. Sasa wanapita kukuelekeza wewe namna ya kutumia umeme kwako bila kuupoteza.

Transfoma akacheka mpaka benchi likayumba.

— Mtu wa kuchoma sindano anifundishe mimi umeme? Mimi niliyelala na nyaya ujana wangu wote?

— Ulizilinda, mzee, — nikasema huku nikivuta uzi. — Hukulala nazo.

— Ni kulekule! Ukikaa na kitu muda mrefu kinakuzoea. Nawaambia, umeme una tabia. Mchana tunagawana na viwanda. Usiku viwanda vimefungwa, sasa ule wote unakwenda wapi? Unaingia majumbani! Ndiyo maana mita usiku inakimbia kama imeibiwa.

— Hilo dogo, — Meya akadakia. — Mimi nasema hao wanakuja kuhesabu vitu. Anajifanya anatazama pasi yako, kumbe anakadiria. Halafu soketi. Soketi isiyochomekwa kitu inavuja. Umeme unadondoka tu sakafuni, huuoni. Mimi kwangu zote nimeziziba kwa gundi ya karatasi.

— Ndiyo maana mkeo anachajia simu kwangu, — akasema Shangazi.

Tulicheka. Meya akajifanya hajasikia. Transfoma, akiona kazidiwa, akaongeza moto:

— Sasa sikilizeni la kitaalamu. Ukiweka kioo nyuma ya balbu, mwanga unagonga kioo, unarudi kwenye balbu, unaingia kwenye waya, unarudi mpaka kwenye mita. Mita inarudi nyuma. Nimeona kwa macho yangu!

— Uliona wapi?

— Bohari.

— Bohari kulikuwa na kioo?

— Shangazi, mimina kahawa, usiniharibie somo.

Hapo ndipo Kinyozi alipotokea. Alikuja kwa miguu kutoka upande wa barabara kubwa, shati limekunjamana, na ndevu zimemjaa shavuni. Kinyozi mwenye ndevu! Meya alitaka kumtania, akaanza kabisa kufungua mdomo, kisha akamwona macho, akaufunga. Shangazi akampa kikombe bila kuulizwa. Akakaa.

Transfoma peke yake hakuona kitu.

— Huyu hapa shahidi! Kinyozi, waambie hawa. Si nilikwambia hapahapa, usiku mchomoe friji mlale? Ukachomoa. Na bili ikashuka au haikushuka?

Kinyozi akaweka kikombe chini.

— Ilishuka, mzee.

— Si mmesikia!

— Mama amelazwa, — akasema Kinyozi. — Yaani alilazwa. Ametoka jana.

Nikaacha sindano ndani ya soli.

Wote tunamjua mama yake Kinyozi. Ndiye aliyemlea peke yake kwa kufua nguo za watu, na tangu apate ugonjwa wa sukari wanakaa wote wawili kwenye vyumba viwili nyuma ya duka la mkaa. Anachoma insulini kila siku. Kwa mkono wake mwenyewe, hataki kushikwa.

— Kapatwa na nini? — akauliza Shangazi.

— Sukari. Mimi nilidhani ni uchovu. Kila siku anasema kiu, anakunywa maji mtungi mzima, anaamka kwenda chooni, mchana analala. Namuuliza, mama umechoma dawa? Ananiambia nimechoma. Na kweli alikuwa anachoma, namwona. Sasa mtu anachoma dawa na anazidi kuisha, utafikiria nini? Nikaanza kufikiria mambo ya ajabu. Nikafikiria labda ndiyo ameanza kwenda.

Akakizungusha kile kikombe kidogo benchini.

— Siku moja yule nesi wa kupita majumbani akaja kumpima. Akakuta sukari imepanda mpaka kile kipimo kinaandika tu kwamba iko juu, namba haisomeki. Mama kalegea kwenye kiti, anajibu maneno nusu. Nesi akaniambia tafuta gari sasa hivi. Na wakati mimi natafuta gari, yeye akafungua friji.

— Anatafuta nini kwenye friji? — akauliza Meya, kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo.

— Hata mimi nilimwona kama hana adabu. Mgonjwa yuko vile, wewe unafungua friji ya watu! Akaingiza mkono. Akashika chupa za dawa. Akaniuliza, mbona za moto? Nikamwambia friji tunachomoa usiku, asubuhi tunachomeka. Akapitisha kidole kwenye ule mpira wa mlango, umechanika huku na huku, baridi yote inatoka. Na friji yenyewe mama kaiweka ubavuni mwa jiko. Akaniambia, kaka, dawa hii hutakiwa kukaa baridi, hapa imepikwa. Mama yako amekuwa anajichoma maji.

Kikombe cha Transfoma kilikuwa karibu na mdomo. Kikabaki hapohapo.

— Nani angejua, — akasema Meya. — Haki, nani angejua?

— Mama yeye hakutaka hata hiyo friji izimwe, — Kinyozi akaendelea. — Mimi ndiye niliyemwambia. Nililalamikia bili mbele yake, kama mjuavyo mtu akichoka. Kuanzia hapo hata nikisahau mimi, yeye hasahau. Anaamka, anachomoa, anarudi kulala. Kwa ajili yangu.

Akafuta uso kwa mikono miwili, kama anavyowafutia wateja baada ya kunyoa. Shangazi akamshika bega, akaliachia, akamjazia kikombe kilichokuwa bado kimejaa, kahawa ikamwagikia benchi, na hakuna aliyesogea.

Hatukumwona nesi anakuja. Tulisikia tu salamu. Ni dada wa makamo, mnene kiasi, kabeba mkoba wa zahanati begani, viatu vyake navijua maana nimevishona kisigino mara nyingi.

— Nimetoka kwa mama, — akamwambia Kinyozi. — Amekunywa uji, ananigombeza kwamba nimemletea dawa kwenye kasha la barafu kama samaki. Akigombeza hivyo ujue yuko vizuri.

Kinyozi akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo. Tukampisha nesi akae.

— Dada, — Meya akasema, — sisi hapa tulikuwa tunawasema. Ile semina yenu.

— Semeni tu. Hata mimi niliisema. Nilikwenda nimenuna. Nina wagonjwa wa presha, nina wazazi, nina watoto wa kupima uzito, leo mniongezee na pasi? Siku ya kwanza wametuwekea mezani birika, balbu na kimashine cha kuonyesha umeme unaoliwa. Nikajifunza yote. Chemsha maji unayohitaji tu, pasi piga nguo zote kwa pamoja, friji isikae karibu na moto. Nikatoka hapo nimejaa kama kanda ya redio.

— Ikawaje?

— Nyumba ya kwanza niliyoingia nikaimwaga kanda yote. Mwenye nyumba, mama mwenye mapacha wachanga, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, umemaliza? Nikasema nimemaliza. Akasema, haya, sasa niambie hao watoto maji ya kuoga niyapashe kwa kutumia nini. Akanifungulia mlango. Nililia njia nzima, jamani. Kazi yangu yote watu hunikaribisha, siku hiyo nimefukuzwa kwa sababu ya birika.

Shangazi akacheka kwa huruma.

— Nikarudi kwa mkufunzi, nikamwambia mimi siwezi. Akaniuliza swali moja tu: ulikaa? Nikasema nilisimama mlangoni. Akasema basi kesho ukae, uulize wanavyoishi, utazame, ndiyo useme. Ukikosa la kusema, usiseme. Nikarudi kwa mama pacha. Tukaongea. Kumbe anapasha sufuria lile lile mara nne kwa siku kwa kuwa maji yanapoa, na chupa ya chai ya kutunza joto anayo juu ya kabati, zawadi ya harusi, anaionea huruma kuitumia. Tukaishusha. Basi, ushauri wangu wote ulikuwa huo.

— Na kwa mama yangu? — akauliza Kinyozi.

— Kwa mama yako nilichelewa. Ningefika wiki moja kabla tungezungumza mengine. Lakini kama nisingekuwa nimefundishwa kutazama friji, nisingeifungua. Ningempeleka hospitali, angetibiwa, angerudi nyumbani kuchoma dawa ileile.

Transfoma akazungumza, bila kunguruma. Sauti nyembamba, ya mzee tu.

— Ni mimi niliyemwambia achomoe.

Nesi akamgeukia.

— Nilimwambia hapa, mbele za watu, — akasema Transfoma. — Sijui lolote la umeme, dada. Nililinda geti. Mafundi walikuwa wanapita wanaongea, mimi naokota maneno.

— Baba, hukumtakia mabaya.

— Sikumuuliza kama kuna dawa ndani. Nilisema tu.

— Hata mimi sikukwambia, mzee, — Kinyozi akasema. — Nilisikia kitu cha kunipunguzia bili nikakimbia nacho. Usijibebeshe.

Lakini mzee alishasimama. Akaweka kikombe kwenye ndoo ya Shangazi, akamgusa Kinyozi kichwani kidogo, kama mtu anayegusa kitu cha moto, akaondoka. Alikwenda kwa hatua ndefu akiambaa na ukuta, hakugeuka. Meya akamwita. Hakuitika.

— Atarudi kesho, — nikasema. — Huyu haruki hata siku moja.

Nesi alikuwa bado anamtazama, mpaka alipokata kona.

— Nitapita kwake jioni. Kwa hali ile si wa kuachwa peke yake. Anakaa nyumba ipi?

Meya akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Shangazi.

— Huku juu, — akasema Meya. — Nadhani.

— Huku juu wapi?

— Si kule... — akaanza Shangazi, akaishia hapo.

— Ana mke? Ana watoto? Anakaa na nani?

Nilijua Transfoma anakunywa bila sukari. Nilijua kila mlinzi aliyegombana naye bohari, kila balbu iliyowahi kulipuka mbele yake. Viatu vyake ningevitambua gizani. Nikajaribu kuona mlango wake, rangi yake, mtu anayemfungulia, nikaona ukuta mtupu.

— Miaka yote hiyo? — akauliza nesi. Hakuwa anatusuta. Alitaka kujua tu.

Kinyozi ndiye aliyeinuka. Na ndevu zake, na shati lake lililokunjamana, akatoka mbio kuelekea kwenye kona.

— Mzee! — tukamsikia. — Mzee, nisubiri, twende wote, njia yetu ni moja!

Wala hakujua kama ni moja.