Sindano Sita za Mzee Shakuru

Kwa Spéciose muuza kahawa, pale Buyenzi, benchi ni la watu watatu, na siku hizo lilikaliwa na watano. Vikwazo vya nchi jirani vilikuwa vimekausha petroli mji mzima. Radjabu fundi magari, waliyemwita Karbiratere, yaani kabureta, hakuwa na gari la kutengeneza, basi alishinda hapo akitengeneza watu.

Asubuhi hiyo Mzee Shakuru wa mchele alifika anacheka peke yake. Wiki tatu alikuwa hali akashiba, tangu daktari amwambie kipimo cha damu kimepanda, huenda ni kansa ya tezi dume. Wakamchoma sindano sita, wakanyofoa vipande sita, na jana majibu yalitoka: vyote safi. Daktari akataka amchome tena. Shakuru akamshukuru, akashika njia.

Radjabu alimpongeza, akatoa utaalamu wake: kosa lilikuwa kumlaza. Ilibidi wamwinue miguu juu, wamtikise, uchafu ushuke upande mmoja, halafu wachome mara moja tu. Zénon wa posta akapinga. Kansa ina akili, alisema, ikiona sindano inahama, hurudi nyumbani saa ya amri ya kutotoka nje kama raia wengine, basi wamvizie saa hiyo.

— Na wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, akaongeza. Badilisha suruali, mzee.

Spéciose alicheka mpaka akamimina kahawa nje ya kikombe. Shakuru naye alicheka hadi machozi. Raha iliyoje, kuogopa kitu wiki tatu kisha kukikalia kwenye benchi.

Ndipo akafika Cirimwami, mnunuzi wa kutoka Uvira, anatafuta mchele. Akauliza wanacheka nini, akasimuliwa yote. Shakuru alimweleza kwa lugha ya kazi yao: yeye miaka thelathini anapima magunia ya mchele wa Buterere kwa bambo, kile chuma chenye tundu. Unachoma, punje zinatoka, unaziangalia.

— Sita safi, mi nabeba gunia, alisema. Sasa dogiteri anataka nini tena?

Cirimwami alifikiri kidogo. Ya madaktari hakuyajua, ya mchele aliyajua.

— Na kama gunia linanuka?

— Linanuka vipi?

— Umechoma sita, punje safi, lakini gunia bado linanuka. Iyo harufu inatoka wapi?

Shakuru alijua, maana kijana yeyote wa sokoni anajua: inatoka pale ambapo chuma hakijafika. Na kipimo chake cha damu kilikuwa bado kiko juu.

— Mi naogopa, alisema.

Hakuna aliyemcheka. Akamwomba Cirimwami amsubiri mpaka adhuhuri, mchele upo. Halafu akamgeukia Radjabu, akamuuliza kama anaweza kumsindikiza kwa daktari, maana peke yake atakimbia tena.

Radjabu aliacha kahawa yake nusu, akainuka, akamshika mkono.