Mwanga Juu ya Kuba

Kwenye basi dogo la kutoka kanisani Shubra, Bi Wadida alijifanya amelala, maana ndiyo njia nzuri ya kusikiliza ya watu.

"Dada, Bikira nimemwona!" Mufida, aliyeketi kiti cha mbele yake, alimgonga gotini mwanamke asiyemjua, aliyevaa nyeusi. "Juu ya kuba! Mweupe kama njiwa!"

"Hongera, mama. Mimi sikuona kitu."

"Imani, mpenzi! Si kila jicho linapewa."

"Kweli. Na padri aliposema tupeane amani, kulia kwako alisimama nani?"

"Nitajuaje? Mimi macho yote madhabahuni!"

"Nilikuwa mimi. Nilikunyooshea mkono mpaka wimbo ukaisha. Tangu nimzike mume wangu, miaka mitatu, nilikuwa sijakanyaga kanisani. Nikasema leo nijaribu. Nikipata mkono mmoja tu, nitarudi."

Bi Wadida alisahau kuwa amelala, akakodoa macho.

"Basi shika sasa hivi!" Mufida akautoa mkono upesi.

"Huo ni wa aibu, mama. Mimi nilitaka wa amani."

Gari likasimama. Mwanamke akashuka. Mufida akachomoza kichwa dirishani, shela imemteleza, akipiga kelele: "Jumapili simama palepale! We dada! Jina lako nani?"