Dada Yetu Hadubini na Milango ya Seli

Ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, familia imenituma mimi, mdogo wake anayemfuata, niwasomee maisha ya dada yetu, nami nitajitahidi nifike mwisho.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1978, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, na jina la utani la Hadubini alipewa baadaye na mama, kwa kuwa alikuwa akichambua mchele pua ikigusa sinia, na ukimharakisha anakujibu, "Wewe kula mawe, mimi meno yangu nayapenda." Alianza shule ya msingi mwaka 1985, akamaliza sekondari 1997, kisha akasomea biokemia chuo kikuu, na huko ndiko alikokutana na shemeji yetu, fundi umeme, aliyeitwa kutengeneza friji ya maabara, akaendelea kuja hata friji ilipokwisha kupona, wakafunga ndoa tarehe 17 Desemba 2005 na kujaliwa binti na mvulana.

Kuanzia mwaka 2010 alifanya kazi katika maabara ya utafiti wa saratani, na kwa kuwa wengi mmeniuliza alikuwa akifanya nini hasa, nitasema kama alivyotueleza. Kila seli hujijenga kwa asidi amino, vile vipande vidogo vya protini tunayokula, lakini vipande hivyo haviupenyi utando wa seli hivi hivi, huingizwa na protini maalumu zilizokaa kwenye utando huo kama milango, na seli ya saratani, kwa uroho wake wa kukua, hujiwekea milango hiyo kupita kiasi. Dada na wenzake walikuwa wakitafuta dawa ya kuiziba.

Februari mwaka 2023 alianza kuumwa mgongo, tukadhani ni kuinama kazini, na vipimo vilipotoka ilikuwa saratani ya kongosho, nayo ilishafika kwenye ini. Dawa yao ilikuwa bado inajaribiwa kwa panya. Shemeji alimuuliza mbele yetu, "Mlango si unafungwa tu, mke wangu?" Naye akamjibu taratibu, "Tukiufunga huu, saratani inafungua mwingine, na mlango huo huo ndio unaopitisha chakula cha ubongo wangu." Shemeji, ambaye hajawahi kushindwa na waya, alitoka akaenda kusimama uani.

Mama aliyasikia hayo, akaacha kimya kimya kumpikia mayai, nyama na maharage, akawa anampa uji mtupu, na dada alipozidi kukonda na kumuuliza sababu, mama alilia akasema, "Nisipokulisha unaniishia, nikikulisha namlisha huyo anayekuua, sasa mimi nifanyeje?" Dada akamshika mkono. "Nilishe mimi, mama. Huyo hata ukimnyima atakula nyama ya mkono wangu huu." Basi mama akarudi jikoni, akapika kila kitu, na dada akala alichoweza, na bado tulimwona anapungua mbele ya macho yetu, sahani ikiwa imejaa.

Alifariki tarehe 2 Novemba 2023, asubuhi, wodini, watoto wake wakiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawakutudanganya hata siku moja, tunawashukuru majirani waliowachukua watoto kama wa kwao, na wafanyakazi wenzake, ambao najua wamekaa pale nyuma wakiinamisha vichwa, tunawaomba msijilaumu, yeye mwenyewe alisema kazi hiyo bado ni changa, na Jumatatu mtakaporudi maabara mtakuwa mmepungukiwa mtu, kama sisi nyumbani.

Dada, tulikaa nawe, tukakushika, tukakuita, na zaidi ya hapo hatukuwa na uwezo. Pumzika sasa, kwa amani ambayo sisi hatukuweza kukupa.