Jenereta na Mkono wa Shemeji

Ndugu waombolezaji, nimeambiwa nisome karatasi hii kwa utulivu, lakini mimi ndiye mdogo wake marehemu, na nikimtaja kaka yangu utulivu hunikimbia, mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akamaliza shule ya msingi mwaka 1967, na Januari 1970 akaingia karakana ya makochi, akawamba viti miaka arobaini na mitatu, misumari midomoni na mzaha juu yake. Tarehe 18 Agosti 1979 alimwoa shemeji yangu huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa watoto watatu, na mtaa mzima ukamwita Jenereta, kwa kukoroma kule, jamani, hata kuta zilikoma!

Lakini Jenereta alikuwa akizimika. Alikata pumzi usingizini, mara sekunde ishirini, mara arobaini, na kwa miaka kumi na mmoja shemeji alilala kiganja kikiwa mgongoni mwake, akimtikisa, mchana wote wawili wakisinzia, kaka akijigonga nyundo vidoleni. Mei 2010 alipimwa usingizi hospitalini, akapewa mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa, na usiku wa kwanza, kimya! Tulishangilia, mimi nikatangaza mtaani kwamba amepona. Shemeji peke yake hakuondoa mkono, akasema kimya hicho hakimpendezi, tukamcheka kwamba amezoea kelele. Kumbe! Kwa kung'ang'ania kwake walirudi hospitalini, na daktari aliposoma kumbukumbu ya mashine akakuta koo limefunguka kweli, ila ubongo nao ulikuwa ukisahau kuamuru pumzi, maradhi mawili katika usingizi mmoja. Alipimwa moyo kwanza, kisha tarehe 2 Agosti akapewa mashine nyingine, inayofuatilia kila pumzi, na akisahau inampulizia yenyewe. Barakoa ilimchubua pua, fundi mwenzake wa karakana akaishonea kitambaa laini, na wiki ya tatu shemeji aligeukia ukutani, akalala hadi saa mbili asubuhi, kaka akilinda mlango asiamshwe, anachekelea!

Tuliongezewa miaka kumi na mitatu, na wajukuu watano. Ugonjwa wa ini ulimpata Septemba 2023, akafariki nyumbani tarehe 11 Januari 2024, saa tisa alasiri, mkono wa shemeji ukiwa mgongoni.

Tunawashukuru daktari na wauguzi, mafundi wenzake, na majirani mliovumilia ngurumo zile. Shemeji, nilikucheka, nisamehe mbele ya watu hawa, ni mkono wako uliotubakishia kaka.

Jenereta, pumzika kwa amani, zamu ya shemeji imekwisha, naye leo akalale.